ASIDI NA BESI: SI KILA KINACHOFANANA NA MAJI NI MAJI



Leo tutaeleza juu ya asidi na besi. Usiogope majina hayo. Ni majina ya shule, lakini vitu vyenyewe viko mkononi mwako tangu asubuhi hadi jioni. Ndimu uliyokamulia samaki ni asidi. Sabuni uliyoogea ni besi. Maji ya betri ya gari ni asidi. Chokaa na saruji ya fundi mwashi ni besi. Hata mvua inayoshuka juu ya bati lako hapa Goma, na maji ya Ziwa Kivu unayochota kwa bidoni, yana upande wake katika jambo hili.

Kwa nini mfanyakazi wa mgodi ajisumbue kujua? Kwa sababu vitu hivi havina sura ya hatari. Maji ya betri hayana rangi. Soda kostiki ikiisha kuyeyuka katika maji haionekani tena. Moto unaonekana, jiwe linaloanguka linasikika, lakini asidi na besi hukaa kimya ndani ya chupa mpaka mtu akosee. Na jicho likipata tone moja, mwenye jicho ana dakika chache tu za kuliokoa. Anayejua kabla ya ajali atakimbilia maji. Asiyejua atakimbia kutafuta mafuta ya mawese, na jicho litaharibika.

ASIDI NI NINI?

Neno hili limetoka katika Kilatini, na maana yake ni kitu kichachu. Ndimu, siki, maziwa yaliyoganda, nyanya na limonadi vyote vina asidi ndani yake. Tumbo lako nalo hutengeneza asidi kali, ile inayoitwa asidi ya hidrokloriki, ili kusaga chakula na kuua vijidudu. Tumbo lenyewe haliliwi kwa sababu Mungu alilipaka ute wa kulilinda. Asidi hiyo ikipanda kooni, mahali pasipo na ute kama huo, unasikia kiungulia.

Mnamo 1884 mtaalamu wa Uswidi, Svante Arrhenius, alieleza kwamba asidi ikiingia katika maji huachilia chembe ndogo sana za hidrojeni zenye umeme. Chembe hizo ndizo zinazofanya ulimi usikie uchachu. Ndizo pia zinazokula chuma, bati na nguo. Zikiwa chache, tunapata ladha ya ndimu. Zikiwa nyingi mno, tunapata kidonda.

BESI NI NINI?

Besi ni upande wa pili. Kazi yake ni kuzikamata zile chembe za hidrojeni na kuzituliza. Ladha ya besi ni chungu, na ukiigusa inateleza. Wazee wetu waliijua kabla ya shule: maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya ndizi ni besi, na ndiyo sababu hulainisha maharagwe magumu haraka.

Ule utelezi una maana kubwa. Sabuni hupikwa kwa kuchanganya mafuta na besi kali. Basi ukishika besi kali kwa mkono mtupu ukasikia vidole vinateleza, ujue kwamba mafuta ya ngozi yako mwenyewe yameanza kugeuka sabuni.

Hapa wengi hudanganyika. Asidi kali ikigusa mwili huunguza papo hapo na kuumiza sana. Nyama ya juu huganda kama yai linalopikwa, na huo mgando huizuia asidi kidogo isiende mbali. Besi kali haigandishi. Huyeyusha nyama na kuzidi kuchimba kwenda chini, na mara nyingine maumivu huchelewa. Mtu anasema, “Si kitu, hakuniumi.” Jioni ngozi imekufa. Kwa jicho, besi kali mara nyingi ni mbaya kuliko asidi. Kwa hiyo usipime hatari kwa maumivu.

Na tuseme sasa hivi: vitu vya kazini na vya kusafishia havionjwi kwa ulimi wala kujaribiwa kwa kidole.

NGAZI YA pH

Tutajuaje kitu ni kikali kiasi gani? Mwaka 1909 mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alitunga kipimo kinachoitwa pH. Ni kama ngazi yenye vidato tangu 0 hadi 14. Katikati, kwenye 7, ni maji safi, ambayo si asidi wala besi. Chini ya 7 ni upande wa asidi. Juu ya 7 ni upande wa besi. Tazama mahali pa vitu unavyovijua:

Maji ya betri: karibu 1 au chini yake
Ndimu: karibu 2
Siki: karibu 3
Bia: karibu 4
Mvua safi: karibu 5.6
Maji safi: 7
Damu ya mtu: karibu 7.4
Maji ya juu ya Ziwa Kivu: karibu 9
Sabuni: karibu 10
Javeli: 11 hadi 13
Chokaa na saruji mbichi: 12 hadi 13
Soda kostiki: 13 hadi 14

Sasa sikiliza vizuri. Katika ngazi hii kila kidato ni mara kumi. Kitu chenye pH 3 kina ukali wa asidi mara 10 kuliko chenye pH 4, na mara 100 kuliko chenye pH 5. Kwa hiyo usiseme, “Kutoka 7 hadi 4 ni tatu tu.” Ni mara 1000.

Tazama tena damu. Mwili wako huilinda ibaki kati ya 7.35 na 7.45 usiku na mchana, kwa mapafu na kwa mafigo. Ikitoka hapo kidogo tu, mtu ni mgonjwa sana. Ndivyo miili yetu ilivyoumbwa kukaa karibu na katikati. Kila kilicho mbali na katikati, chini au juu, kinataka heshima.

Mtoto wa shule anaweza kuiona ngazi hii kwa macho. Chukua majani ya kabichi nyekundu, ile shu ya rangi ya zambarau, uyakate na kuyachemsha, kisha uyachuje. Weka maji hayo katika glasi mbili yakiisha kupoa. Katika glasi moja kamua ndimu: rangi itakuwa nyekundu. Katika nyingine tia maji ya majivu: rangi itageuka buluu au kijani. Usifanye mchezo huu kwa maji ya betri wala soda kostiki. Ndimu na majivu vinatosha.

ASIDI NA BESI ZIKIKUTANA

Asidi na besi zikichanganywa kwa kipimo sawa, kila moja humaliza nguvu ya mwenzake, na kinachobaki ni maji na chumvi. Asidi ya hidrokloriki ni sumu. Soda kostiki ni sumu. Ukizichanganya sawasawa unapata maji na chumvi, chumvi ile ile ya kupikia. Ndiyo kazi ya vidonge vya kiungulia: ni besi dhaifu inayotuliza asidi ya tumbo.

Hapo mtu atauliza: “Basi nikimwagikiwa na asidi, si nipake besi juu yake?” Hapana, ndugu. Zinapopigana hutoa joto jingi. Ukipaka besi juu ya asidi iliyo kwenye ngozi, utaongeza kuungua kwa moto juu ya kuungua kwa asidi. Na nani atakupimia kipimo sawa wakati unalia kwa maumivu? Ukizidisha, kile ulichoongeza ndicho kitakachokuunguza. Juu ya mwili wa mtu dawa ni moja: maji mengi.

KAZINI KWETU

Betri. Ndani ya betri ya lori au ya masine mna asidi ya salfa. Ukitakiwa kutengeneza maji ya betri, mwaga asidi polepole ndani ya maji. Usimwage kamwe maji ndani ya asidi. Asidi ya salfa ni nzito kuliko maji. Maji machache yakiangukia juu yake huchemka papo hapo na kuirushia asidi usoni mwako. Betri iliyopungukiwa huongezwa maji yaliyosafishwa tu, si asidi. Na inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka: sigara, kiberiti na cheche vikae mbali, na mlango uwe wazi.

Baba, usiende nyumbani na nguo za kazi zilizorukiwa. Pamba iliyoguswa na asidi haitoboki mara moja, hutoboka baadaye katika maji ya kufulia, na mikono inayofua ni ya mama au ya binti yako. Tena vumbi la risasi la betri ni sumu kwa watoto.

Chokaa na saruji. Mchanga wa saruji ukiwa mbichi ni besi kali. Fundi anayepiga magoti juu yake, au ambaye umeingia ndani ya buti zake, hasikii kitu asubuhi. Jioni akivua buti anakuta ngozi imegeuka nyeusi. Chokaa isiyozimwa ni hatari zaidi, maana ikikutana na maji, hata jasho, huwaka joto. Miwani ya kinga huvaliwa kabla ya kufungua mfuko, si baada ya vumbi kuruka.

Maji mekundu ya mgodini. Kuna jiwe linalong'aa kama dhahabu, linaitwa piriti, nalo lina chuma na salfa. Likiwa chini ya ardhi halina neno. Tukilichimba likapata hewa na maji, hutengeneza asidi ya salfa lenyewe. Ukiona maji ya rangi ya kutu yanatoka katika shimo au chini ya lundo la mawe, usinywe, usioge, usinyweshee ng'ombe, ijapokuwa yanaonekana matulivu. Na ujue kwamba maji hayo hula pampu, misumari na nguzo za chuma zinazoshika paa la shimo. Mwambie msimamizi.

Sianidi. Katika migodi mikubwa ya dhahabu, kama Kibali huko Haut-Uélé ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, dhahabu hutolewa katika mawe kwa sianidi. Katika kazi hiyo huongezwa chokaa ili pH ikae juu ya 10. Chokaa hiyo haikuwekwa bure. pH ikishuka, sianidi hugeuka gesi, na gesi hiyo huua kwa dakika chache. Kwa hiyo chombo cha asidi hakikai karibu na sianidi, hata kwa usiku mmoja. Hapa usalama wa zamu nzima hutegemea namba moja tu iliyoandikwa katika daftari. Anayepima aandike alichokiona, si alichokitazamia.

Barabarani. Huko Lualaba na Haut-Katanga asidi ya salfa hubebwa kwa malori kupelekwa migodini kuyeyusha mawe ya shaba. Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye njia ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi lilipata ajali pamoja na magari mengine, na watu zaidi ya 15 walikufa. Ukikuta lori la namna hiyo limeanguka, usikaribie kuchota wala kutazama. Simama mahali pa juu, upande upepo unakotoka, na uwazuie watoto. Kimiminika kinachotiririka kwenye mtaro kinaweza kufanana na maji tu.

NYUMBANI KWETU

Wamama wengi wa Goma hupika sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kostiki. Ni kazi nzuri inayoleta pesa. Lakini soda ina sheria zake. Tia soda ndani ya maji kidogo kidogo, si maji juu ya soda. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya aliminiyamu italiwa, nayo itatoa hidrojeni. Vaa glavu za mpira, funika macho, na mtoto asiwe mgongoni wala karibu. Bidoni ya maji safi iwe imejaa kando yako kabla hujaanza.

Sasa jambo linalotutia huzuni kuliko yote. Soda iliyobaki, au maji ya betri, hutiwa ndani ya chupa ya bia au ya limonadi na kuwekwa chini ya kitanda. Mtoto anarudi kutoka kucheza, ana kiu, anaona chupa anayoijua. Meza moja tu yatosha. Koo na mrija wa chakula huungua, na vikipona hupona kwa kovu linaloziba njia. Kuna watoto ambao hawawezi tena kumeza ugali, wanaishi kwa uji mwepesi na safari za hospitali miaka na miaka. Ajali hii haina haja ya kutokea hata mara moja. Chupa ya kunywea ibaki ya kunywea. Vitu vikali vikae katika chombo chake chenye maandishi, juu, penye kufuli.

Na javeli: usiichanganye na siki, ndimu wala asidi ya kusafishia choo. Javeli ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Usiichanganye na amonia pia. Mama anayetaka choo king'ae zaidi anaweza kuanguka ndani ya choo hicho. Dawa moja kwa siku yatosha.

MVUA YETU NA ZIWA LETU

Sisi wa Goma tunaishi chini ya mlima usiolala. Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Kila mtu anazikumbuka siku hizo au amesimuliwa. Lakini mlima una kazi nyingine ya kimya. Nyiragongo pamoja na jirani yake Nyamulagira hutoa moshi wenye gesi za salfa, klorini na fluorini. Gesi hizo zikikutana na mawingu huwa asidi, na mvua hushuka nayo. Mvua iliyopimwa chini ya moshi huo imekutwa na pH 4 na hata chini yake, wakati mvua safi ni karibu 5.6. Upepo mara nyingi huupeleka moshi magharibi, upande wa Rusayo, Sake na Masisi, na huko majani ya maharagwe huonyesha madoa kama yameunguzwa.

Mvua hiyo haikuunguzi ngozi. pH yake ni kama ya bia. Hatari yake iko katika mambo mawili. La kwanza, hula bati la nyumba na kubeba zinki yake, pamoja na risasi ikiwa mabati yamepakwa rangi ya zamani au mifereji imeunganishwa kwa risasi. Vyote huingia katika tanki la kunywa. La pili ni fluorini. Kidogo hulinda meno, nyingi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo miaka ile meno yake ya pili yanapojitengeneza ndani ya ufizi, yataota na madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo si uchafu wala aibu ya mama. Usiyasugue kwa majivu wala ndimu. Ikiendelea miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa.

Wengi wanasema: “Sisi tunachemsha maji, hatuna hofu.” Kuchemsha ni kuzuri sana, kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini hakutoi asidi wala fluorini. Maji hupanda kwa mvuke, fluorini hubaki sufuriani. Ukichemsha sana maji kama hayo, unaiongeza katika kila kikombe.

Basi tufanye hivi. Mvua ikianza, mwaga maji ya kwanza yanayosafisha bati, ndipo uelekeze mfereji kwenye tanki. Majivu ya mlima yakianguka, au ukisikia harufu ya salfa, ondoa mfereji kabisa. Tanki la saruji ni jema kuliko la bati, maana chokaa iliyo ndani ya saruji hutuliza asidi. Lakini fluorini bado itabaki. Kwa sababu hiyo, mvua iwe ya kufulia na kuoshea, na maji ya kunywa ya watoto, hasa walio chini ya miaka minane, yatoke kwenye bomba au kwenye maji ya ziwa yaliyotiwa dawa.

Na maji ya ziwa nayo yana neno lake. Yana pH karibu 9, yaani upande wa besi. Dawa ya klorini hufanya kazi vizuri katika maji yaliyo karibu na katikati, na katika maji ya besi huwa mvivu. Kwa maji mengine tunasema ngoja dakika 30. Kwa maji ya Ziwa Kivu, tia kipimo ulichofundishwa na muganga, kisha ngoja saa nzima kabla ya kunywa. Usiongeze ndimu ili kuharakisha: utaipoteza dawa. Kipindupindu hakijatuacha, na nusu saa ya kungoja ni bei ndogo.

AJALI IKITOKEA

1. Usitafute muganga kwanza. Tafuta maji kwanza. Muganga ataitwa na mwenzako.

2. Jichoni: mlaze mtu, mfungue kope kwa vidole, mimina maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 20 au zaidi bila kukatiza. Atataka kufumba, mshikilie kwa upole. Usitie maziwa ya mama, mafuta, asali wala dawa ya meno.

3. Kwenye ngozi: vua nguo, buti, saa na pete upesi, mwagia maji mengi yanayopita, dakika 20 au zaidi. Unga mkavu, kama chokaa, pangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo umwagie maji mengi.

4. Akimeza: usimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe ndimu, majivu wala mafuta. Asuuze kinywa na kutema, kisha hospitali mbio, na chupa yenyewe muichukue ili muganga aione.

5. Akivuta gesi: mtoe penye hewa safi. Lakini usiingie mwenyewe penye gesi bila kinga. Tusizike wawili badala ya mmoja.

6. Baada ya maji, mlete dispensari, hata kama anasema hasikii maumivu. Mmekwisha soma kwa nini.

Wazee husema haraka haraka haina baraka. Kwa asidi jichoni neno hilo halifai: hapa haraka ndiyo baraka, na baraka yenyewe ni ndoo ya maji.

Tunawapa kazi moja ya jioni ya leo. Baba, mama na watoto, zungukeni nyumba nzima: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, katika ghala. Kila chupa isiyo na maandishi itoeni mbele ya wote na kuuliza: humu mna nini? Msipopata jibu, msinuse wala kuonja, wala msimwage chooni. Fungeni kizibo, muiweke juu pasipofikiwa na mtoto, na mtu mzima ailete dispensari kesho asubuhi. Kisha hakikisheni bidoni moja ya maji safi inalala imejaa kila usiku, na kwamba hata mdogo wa mwisho anajua ipo wapi.